Mwendo wa Kuongea: Mwongozo wa Kupanda Milima kwa Mwanamume Anayejali Mwili na Akili Yake

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanaume waliofanya kazi kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini zamu nzima. Kondakta wa basi lile lile alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, mamia ya ngazi kila siku. Walipolinganishwa, ugonjwa wa moyo ulionekana kwa makondakta mara chache kuliko kwa madereva, na kondakta aliyeupata aliupata akiwa na umri mkubwa zaidi.

Wanaume wengi siku hizi tumekuwa madereva, hata tusiojua kushika usukani: kiti cha kazini, kiti cha gari, kiti cha mbele ya runinga. Mlima unamrudishia mtu ngazi za kondakta, tena zikiwa na miti pembeni. Tatizo ni kwamba mwanamume akipewa mlima huutafutia mpinzani. Nimewaona wakianza kwa mbio ili wasipitwe na kijana aliye mbele, wakarudi wanachechemea na hawakuonekana tena. Mimi mwenyewe safari yangu ya kwanza niliimaliza nikishuka kinyumenyume kwa sababu magoti yaligoma. Ndiyo maana mwongozo huu umejengwa juu ya kipimo kimoja tu: panda kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Moyo unaupenda mwendo huo, na maongezi yenyewe, kama utakavyoona, ni nusu ya dawa.

Unachokipata mwilini

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Saa nne za kilimani zinajaza kapu la kwanza kwa mkupuo. Zinachangia hata la pili, kwa sababu katika kila hatua ya kupanda paja moja linanyanyua mwili mzima.

Moyo unaofanya kazi kwa saa kadhaa bila kukimbizwa hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa hulegea, na presha hushuka taratibu kadiri wiki zinavyopita. Misuli mikubwa ya mapaja na makalio huvuta sukari kutoka kwenye damu. Kitambi nacho, namaanisha mafuta yanayojikusanya ndani kabisa kuzunguka ini na utumbo, huanza kupungua hata kabla mizani haijaonyesha tofauti kubwa. Kwa hiyo pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usiitegemee mizani peke yake.

Kuna jaribio moja la Austria ninalolipenda. Watafiti waliwapandisha watu mlima kwa miguu na kuwashusha kwa gari linaloning'inia kwenye waya, wakafanya hivyo kwa wiki nyingi, kisha wakageuza: kupanda kwa gari, kushuka kwa miguu. Safari za aina zote mbili zilipunguza lehemu (kolesteroli) mbaya. Kupanda kulipunguza mafuta ya damuni yaitwayo trigliseridi. Kushuka, ambako wengi hukuona kama mapumziko, kuliusaidia mwili kuimudu sukari vizuri zaidi. Mteremko nao ni zoezi.

Sasa lile ambalo wanaume hawaliulizi mbele za watu. Nguvu za kiume zinategemea mishipa ya damu, na mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi huziba mapema zaidi. Mwanamume anayeanza kupata shida hiyo asikimbilie vidonge vya mtaani. Akapime presha, sukari na lehemu kwanza, kwa kuwa huenda moyo unamtumia taarifa. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba mazoezi ya takriban dakika 40, mara nne kwa wiki, kwa miezi sita, huwasaidia wengi ambao shida yao inatokana na mishipa au unene. Kutembea kwa kupanda kilima ni zoezi la aina hiyo hasa.

Unachokipata kichwani

Ng'ombe hula, kisha hulala chini na kucheua. Akili yenye msongo hufanya vivyo hivyo: neno alilosema bosi Jumatatu linacheuliwa hadi Alhamisi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatembeza watu kwa dakika 90, wengine kwenye eneo la nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliopita kwenye miti walirudi wakieleza kwamba kucheua mawazo kumepungua, na picha za ubongo zilionyesha kutulia kwa sehemu inayohusishwa na tabia hiyo. Waliopita barabarani hawakuona mabadiliko hayo, ingawa nao walikuwa wametembea muda ule ule.

Kwa wanaume kuna jambo la ziada. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo tunaijua sote: mwanamume hufunga mdomo. Mkalishe mbele ya mtu, uso kwa uso, umuulize anaendeleaje, atajibu "salama" hata nyumba ikiwa inaungua. Australia, ambako wanaume walianza miaka ya 1990 kukutana kwenye mabanda ya useremala kwa ajili ya afya zao, wana msemo kwamba wanaume hawaongei uso kwa uso, huongea bega kwa bega. Kwenye njia ya mlimani watu wawili hutazama mbele. Hakuna anayemkodolea mwenzake macho, ukimya hauna aibu kwa kuwa kila mtu anahema, na neno zito linaweza kutoka likasindikizwa na vishindo vya viatu.

Hata hivyo mlima hauchukui nafasi ya daktari. Anayekosa usingizi wiki kwa wiki, asiyefurahia tena chochote, na hasa anayepitiwa na mawazo ya kujidhuru, amwone mtaalamu wa afya ya akili leo, na amwambie mtu mmoja wa karibu. Matembezi yatafuata sambamba na matibabu.

Hatua ya kwanza: jipime kabla ya kupanda

Watafiti waliochunguza vifo vya ghafla vya moyo milimani wamekuta kwamba wengi mno wa waathirika ni wanaume wa makamo na wazee, hasa wenye presha, kisukari, lehemu nyingi au historia ya mshtuko wa moyo, na kwamba mara nyingi ni watu ambao miili yao haikuzoea mazoezi. Siku ya kwanza ya safari ndiyo yenye hatari zaidi. Tabia yetu ya kukaa miezi sita bila jasho kisha kuvamia mlima siku ya mapumziko ndiyo inayoua.

Kwa hiyo, kama umevuka miaka 40, au una lolote kati ya hayo, au unavuta sigara, au unabanwa kifua ukipanda ngazi, anza kwa daktari. Mweleze wazi: nataka kupanda mlima wa saa kadhaa. Atapima presha na damu, na akiona haja ataupima moyo wako wakati unafanya mazoezi.

Na uzikariri dalili za kusimama: kifua kubana au kulemewa, maumivu yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, kizunguzungu, jasho baridi, pumzi isiyorudi hata baada ya kukaa. Ukiona mojawapo, safari imeisha. Usiseme "nitamalizia kidogo". Waambie wenzako, kaa, msaada uitwe.

Hatua ya pili: wiki sita za maandalizi

Wiki mbili za mwanzo tembea tambarare dakika 30, siku tano kwa wiki, mwendo wa mtu aliyechelewa kidogo. Wiki mbili zinazofuata ongeza ngazi au kilima kifupi mara mbili kwa wiki, na siku moja fikisha saa moja na nusu. Wiki mbili za mwisho vaa viatu utakavyopandia na ubebe begi lenye kilo nne au tano.

Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi matatu ya nguvu. Kwanza, kuchuchumaa na kuinuka taratibu. Pili, kuinuka kwa vidole vya miguu ili kukaza misuli ya nyuma chini ya goti. La tatu ndilo wengi hulisahau: simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, ushushe mwingine chini polepole kwa kuhesabu hadi nne, kisha urudi. Zoezi hili ndilo litakalokulinda siku ya kushuka.

Hatua ya tatu: chagua njia na upige hesabu ya muda

Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni inayotumika hadi leo. Kwa vipimo vyetu inakaribia hivi: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mwinuko wa mita 600 itakuchukua saa mbili na moja, jumla tatu. Naismith alikuwa mkakamavu na hesabu yake haina mapumziko. Mgeni wa milima aongeze nusu nzima: iwe saa nne na nusu.

Safari ya kwanza isizidi kilomita 8 wala mita 400 za kupanda. Kisha, kabla hujaondoka nyumbani, panga saa ya kugeuka. Kama jua linazama saa kumi na mbili na nusu na kushuka kunahitaji saa mbili na nusu, weka saa moja na nusu ya akiba, maana yake saa nane na nusu mchana unageuka, kilele ukikiona au usikione. Saa hiyo ipangwe ukiwa na akili ya nyumbani; ukiwa mita mia chini ya kilele huna akili, una kiburi.

Mwachie mtu asiyesafiri jina la njia, majina ya mnaokwenda, na saa ambayo akikosa simu yako atoe taarifa.

Juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari hewa nyepesi huweza kuleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi mbaya, na ukakamavu haumkingi mtu. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio huumwa kwa sababu hupanda haraka. Ukivuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Dalili zikizidi, dawa ni kushuka.

Hatua ya nne: miguu, mgongo, mfuko

Viatu vinunuliwe jioni, miguu ikiwa imetanuka, ukiwa umevaa soksi za safari. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, vinginevyo mteremko utakung'oa kucha. Kata kucha siku mbili kabla. Soksi ziwe za sufu au nyuzi za kisasa. Pamba hulowa jasho, na ngozi iliyolowa huvimba malengelenge. Ukihisi joto mahali pamoja kwenye kisigino, simama papo hapo ubandike plasta. Usisubiri kituo.

Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi sita na nusu za Selsiasi, na upepo huzidisha. Beba nguo kwa tabaka: fulana inayokauka haraka, sweta, koti la mvua. Begi la safari ya siku lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako.

Ndani yake kuwe na maji, vyakula vikavu kama karanga na matunda yaliyokaushwa, kofia, plasta na bandeji, dawa zako mwenyewe, ramani iliyohifadhiwa kwenye simu pamoja na betri ya akiba, na tochi ya kichwani hata kama unarudi mchana. Mimi nilidharau tochi mara moja tu. Ongeza filimbi: mipigo sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena, ndiyo ishara ya kuomba msaada milimani. Anayejibu hupiga mara tatu.

Hatua ya tano: kupanda

Dakika 20 za kwanza nenda kwa mwendo unaokutia aibu. Moyo, mapafu na viungo vinahitaji muda huo kupata moto, na anayeanza polepole ndiye huwapita wenzake saa ya tatu bila kuongeza chochote.

Kipimo ni sentensi. Ukiweza kumsimulia mwenzako jambo kwa sentensi nzima, upo sawa. Ukitoa maneno mawili kisha unavuta hewa, umepita kiasi. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Uko peke yako? Hesabu kwa sauti kuanzia moja hadi kumi kwa pumzi moja.

Fupisha hatua panapoinuka. Kanyaga kwa wayo mzima, si kwa vidole. Kwenye mwinuko mkali nyoosha goti la mguu wa nyuma na utulie nukta moja kabla ya kuusogeza: kwa nukta hiyo mfupa ndio unaobeba uzito na msuli unapumua. Inaonekana uvivu. Waliopanda milima mirefu hawana mwendo mwingine.

Kunywa takriban nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwa kali, kwa mafunda madogo. Siku ndefu ya jasho jingi kula na kitu chenye chumvi, kwa sababu maji matupu kupita kiasi huipunguza chumvi ya damu na kuleta hatari yake. Mawingu meusi yakikusanyika usibishane nayo. Kati ya mwale wa radi na ngurumo pakiwa chini ya sekunde 30, toka kwenye mgongo wa mlima na miti iliyo peke yake, usirudi kabla ya nusu saa kupita tangu ngurumo ya mwisho.

Hatua ya sita: kufungua mdomo, na kuufunga

Idadi nzuri ni watu watatu au wanne. Mkizidi hapo linakuwa genge, na genge lina mzaha tu. Mwenye mwendo mdogo atangulie; akiwekwa nyuma atatumia siku nzima kuwakimbiza, na kila akiwafikia nyie mmeshamaliza kupumzika mnaondoka.

Simu ziwe kimya ndani ya begi. Kisha kubalianeni na nusu saa isiyo na neno, mapema kwenye njia. Kwenye nusu saa hiyo usilazimishe kutafakari chochote. Sikiliza maji, angalia gome la mti, hesabu milio tofauti ya ndege. Akili iliyochoshwa na kukazia macho kazi hupumzika inapovutwa polepole na vitu visivyodai chochote.

Maongezi ya kweli huja yenyewe, aghalabu baada ya saa ya pili, mara nyingi mnaposhuka. Usiulize "una tatizo gani?" Anza na la kwako: "Miezi hii miwili sijalala vizuri." Mwenzako atatembea hatua hamsini bila kujibu, kisha atasema la kwake. Akisema, kosa letu kubwa ni kuruka na suluhisho, kumpangia wakili, mkopo na mke mpya kabla hajamaliza. Msikilize. Uliza swali moja dogo: "Ikawaje?" Rafiki yangu mmoja alikuwa na wiki saba tangu afukuzwe kazi, na kila asubuhi akivaa suti na kuondoka nyumbani. Alilisema hilo mara ya kwanza akiwa anafunga kamba za viatu, hakuinua kichwa. Sikumpa ushauri wowote. Tulishuka, na jioni hiyo alimwambia mkewe.

Yanayosemwa mlimani yabaki hapo. Isipokuwa moja: mwenzako akidokeza kutaka kujiua, muulize waziwazi, usimwache peke yake, na umfikishe kwenye msaada. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Hatua ya saba: kushuka

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ajali nyingi hutokea watu wakiteremka, wakiwa wamechoka na mawazo yameshafika nyumbani. Kaza kamba za viatu ili mguu usiteleze mbele. Goti liwe limepinda kidogo muda wote, hatua fupi, mwili usiegemee nyuma. Fimbo mbili zinayapunguzia magoti mzigo. Ziwe ndefu kidogo kuliko za kupandia, na zitangulie kugusa chini kabla ya mguu. Panapoteleza pita kwa mshazari.

Misuli ya paja huuma siku ya pili au ya tatu, kwa sababu wakati wa kushuka msuli hurefuka huku unabeba. Hayo ni maumivu ya kawaida, tembea tambarare taratibu yataisha. Uvimbe kwenye kiungo au maumivu makali ya upande mmoja si ya kawaida.

Hatua ya nane: kuifanya iwe desturi

Uchunguzi wa karibu watu 20,000 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, uliona kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili waliripoti afya na furaha nzuri zaidi kuliko wasiokwenda kabisa, na haikujalisha kama ni kwa mara moja au vipande vipande. Kwa mwenye kazi na familia, hii ni habari njema: mlima mmoja kwa mwezi, na wiki nyingine bustani, msitu mdogo au ukingo wa mto.

Andika mistari mitatu kila ukirudi: ulitembea saa ngapi, ulilala vipi usiku ule, na kichwani mlikuwaje siku mbili zilizofuata. Baada ya safari nne utajua dozi yako. Tarehe ya safari ijayo ipangwe kabla hamjaagana, maana ikiachiwa "tutawasiliana" imekufa.

Viatu vikilowa, vua soli za ndani, vijaze magazeti makavu, uviweke kivulini penye upepo. Usivianike karibu na moto: gundi huachia, na utaligundua hilo katikati ya mlima.